Jembe Nalo Ni Mazoezi?

Muulize mkulima wa Issuna kama anafanya mazoezi, atakucheka. Mazoezi gani tena? Tangu mvua za kwanza hadi alizeti ipurwe, mgongo wake haujanyooka. Kata hii ya wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, imo katika ukanda mkame wenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Anayechelewa kulima hana wa kumlaumu. Kiangazi nacho huja na kazi zake: maji, kuni, malisho ya ng'ombe.

Kicheko hicho kinagusa swali ambalo wanasayansi wanalihangaikia: je, dhiki ya mahali humpunguzia mtu mwendo wa mwili? Uingereza jibu ni ndiyo. Wakazi wa mitaa maskini kule hujishughulisha kidogo kuliko wa mitaa yenye nafasi. Ada za ukumbi wa mazoezi ni kubwa, na kazi za zamu humaliza muda.

Lakini kipimo kinachotazama mazoezi ya burudani pekee kikiletwa Issuna, kitadanganya. Ndiyo maana dodoso la Shirika la Afya Duniani huuliza mambo matatu: mwendo wa kazini, wa safarini na wa burudani. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Anayeibeba kichwani kutoka kisimani anahesabiwa sawasawa na anayenyanyua vyuma mjini. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Makadirio ya mwaka 2016, yaliyochapishwa 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, yalionyesha kuwa Watanzania wazima wasiofikia kiwango hicho ni takriban asilimia 6.5 tu. Kuwait walikuwa asilimia 67.

Basi ufukara ni dawa? Hapana. Uchambuzi wa tafiti nyingi, nao wa 2018, uligundua kuwa wanaume wenye kazi nzito walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, takriban asilimia 18 juu ya wenye kazi nyepesi. Takwimu zake nyingi zilitoka nchi tajiri, lakini maelezo yanayotolewa yanaeleweka hata shambani. Anayekimbia jioni hupandisha mapigo ya moyo kwa nusu saa, kisha hupumzika. Mbeba mzigo hukaa na shinikizo la damu lililopanda kutwa nzima, na kesho anaanza upya kabla misuli haijapona. Mmoja amechagua mwendo wake, mwingine amelazimishwa nao.

Hapo ndipo dhiki ya mahali inapouma: haimnyimi mtu mwendo, inamnyima hiari. Jioni mvulana hupata mpira wa makaratasi na uwanja wa vumbi. Dada yake hupata ndoo. Hata kipaji hulazimika kuhama. Alphonce Simbu, aliyezaliwa kijiji cha Mampando mkoani humu humu, alijinoa Arusha kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo mwaka 2025.

Na mambo yanabadilika. Bodaboda imefika, trekta la kukodi linafika, bomba la maji nalo kila kijiji kinaliomba. Ni neema, na hakuna wa kuzikataa. Ila kila moja inapunguza hatua za mguu, na mwili usiopata pengine pa kuzirudishia hatua hizo hufungua mlango kwa kisukari na shinikizo la damu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi. Basi mkutano ujao ukiitishwa, msiishie kwenye mashamba na malisho. Tengeni kiwanja cha mpira na cha netiboli, karibu na bomba, ili binti akishajaza ndoo apate pa kuchezea kabla jua halijazama.