Ngome za njia ya dhahabu: vinara watano, kutoka Mombasa hadi Kilwa

Dhahabu ya Sofala ilipanda kaskazini kwa pepo za kusi, ikapitia Kilwa na visiwa vya Mafia. Waliotaka kuikamata walijenga kuta. Hawa ndio vinara wa njia hiyo.

Jengo kubwa kuliko yote: Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Juu ya genge linalotazama bahari, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la vyumba zaidi ya 100 mapema karne ya 14, lote la mawe ya matumbawe na chokaa. Lina bwawa la pembe nane, na upande wa kusini uwanja uliozungukwa na maghala. Sarafu ya sultani huyo imepatikana hadi Zimbabwe Kuu.

Ngome ya kwanza ya Wareno: Kilwa, 1505. Francisco de Almeida aliuteka mji Julai, akaanza kujenga papo hapo. Biashara ikawakimbia, na mwaka 1512 wakaihama. Gereza linaloonekana leo ni kazi ya Waomani, baadaye sana.

Mzingiro mrefu kuliko yote: Fort Jesus, Mombasa. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani waliizingira Machi 1696. Iliangukia mikononi mwao Desemba 1698. Waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi kuliko na mizinga.

Anguko zito kuliko yote: Kua, kisiwani Juani, Mafia. Mji huu wa mawe, wenye kasri la ghorofa na misikiti, ulivamiwa na Wasakalava waliovuka kwa mitumbwi kutoka Madagaska mapema karne ya 19. Haukuinuka tena; mizizi imepasua kuta zake.

Kilichodumu bila ngome: Jibondo. Kisiwa ni tambarare ya mwamba, hakina kilima cha mlinzi, na maji ya kunywa yalikuwa yakivushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikuu cha Mafia. Mlango wa msikiti wake wa kale unasemekana ulitoka Kua. Fahari yake ni mafundi wa majahazi: hupachika mbao kwenye mataruma, kisha hukalafati kwa pamba iliyochovywa mafuta, wakiishindilia kwa patasi mpaka maungio yazibe.

Kuta ziliwalinda wenye mali kwa muda. Mali yenyewe ililetwa na vyombo. Kwa kipimo hicho, Jibondo haistahili kuwekwa mkiani.