Gawio si mshahara

Wahenga waliponena kwamba akiba haiozi, yamkini hawakuwa wameshinda siku nzima katika soko la Mitunguu. Huko Imenti Kusini, shehena ya ndizi isiyopata mnunuzi leo haitakuwa na bei keshokutwa, na mkulima hahitaji mhadhiri kumweleza kwamba mali huoza. Fedha nazo huoza. Mwaka 1993 mfumko wa bei nchini Kenya ulikuwa karibu asilimia 46. Aliyeficha noti zake kabatini mwaka huo alizikuta zote zimo, ila alipokwenda nazo sokoni takriban theluthi ya kikapu chake ilikuwa imetoweka.

Nimeanza na methali kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, na maneno ndiyo karo ya wanangu. Lakini lililonisukuma kuandika ni neno jingine, gawio, nililolisikia hapo hapo Mitunguu kinywani mwa kijana niliyewahi kumfundisha. Alihitimu ualimu, akangoja ajira hata akachoka, kisha akasajili kampuni ya dhima yenye mpaka, zile ambazo watu huziita limitedi. Sasa ni mwanakandarasi wa kujenga madarasa na matangi ya maji. "Mwalimu," akaniambia kwa fahari, "siku hizi mimi sina mshahara. Najilipa gawio."

Nikamuuliza: gawio la nini? Ikabainika kwamba mteja alikuwa ametoa malipo ya kwanza, shilingi milioni mbili. Mabati hayajanunuliwa, saruji imechukuliwa kwa mkopo katika duka la vifaa, mafundi wanadai wiki mbili. Katika fedha hizo kijana alikuwa amekwisha kutoa laki sita na kulipia kiwanja.

Hilo si gawio. Nomino hii imezaliwa na kitenzi gawa, na hakuna awezaye kugawa kisichokuwapo. Sheria ya Makampuni ya 2015 yasema yayo hayo: kampuni haigawi ila kutokana na faida, na mwenye hisa aliyepokea huku akijua kwamba ugawaji ule ulikiuka sheria hupaswa kurejesha. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomruhusu kijana wetu kusimamisha kampuni peke yake, naye akadhani kwamba, kwa kuwa hana mwenzake, mfuko wa kampuni ni mfuko wake. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikwisha kulikata shauri hilo mwaka 1897, katika kesi ya Salomon, mtengenezaji viatu wa London: kampuni ni mtu mwingine, hata kama hisa zake karibu zote zi mkononi mwa mmoja. Uamuzi ule ulimkinga Salomon dhidi ya wadai wa kampuni. Ukuta ulio kinga, hata hivyo, una pande mbili. Anayetaka wadai wasiuvuke naye asiwe anaupanda usiku.

Akaniuliza basi aziite nini fedha zilizo katika akaunti ya kampuni, zisizo faida bado wala si zake. Nikamwambia aziite amana, yaani mali ya wenyewe uliyokabidhiwa uitunze. Ni za mwenye duka, za mafundi, na za mtoza ushuru.

Huyo wa mwisho tumtazame kwa tarakimu. Tuseme mradi umekwisha, kila mtu amelipwa, na faida halisi ni shilingi 1,000,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, zabaki 700,000. Akizigawa zote, gawio la mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5, yaani 35,000, naye aenda nyumbani na 665,000. Asidanganyike na ile asilimia 3 ambayo wateja wengi humkata mwanakandarasi kabla ya kumlipa. Huo ni utangulizi wa kodi tu. Tena 665,000 hizo hazina mchango hata mmoja wa NSSF. Mwalimu aliyeajiriwa hunung'unika kila mwezi akitazama makato, lakini makato yale ndiyo kiinua mgongo chake. Anayeishi kwa magawio hana wa kumkata, hivyo hana budi kujikata mwenyewe, na mapema. Aheri ajiandikie mshahara mdogo wa kila mwezi, alipe michango yake, ndipo mwisho wa mwaka hesabu ikishafungwa azungumze habari za gawio.

Huenda wewe mwalimu unayesoma haya chumba cha walimu unasema hayakuhusu, kwani huna kampuni. Unayo. Hisa zako katika chama cha akiba na mikopo zimekufanya mmoja wa wenyewe. Gawio hulipwa kwa hisa, riba kwa amana, na viwili hivi havifanani: amana utarudishiwa ukijitoa, lakini hisa huondoki nazo ila umempata mwanachama wa kumhamishia. Wangapi kati yetu hushangilia asilimia inayotangazwa bila kuuliza ni ya kipi?

Walimu wameona ya kutosha. Mwalimu Sacco ilinunua sehemu kubwa ya benki ya Equatorial Commercial, iliyoitwa Spire Bank tangu 2016. Benki hiyo ikazama katika hasara mwaka baada ya mwaka, hata Januari 2023 amana zake na baadhi ya mikopo vikachukuliwa na Benki ya Equity. Kisha ikaja habari ya KUSCCO, muungano ambamo vyama vingi viliweka akiba za wanachama wao. Ukaguzi uliotangazwa mapema 2025 ulifichua pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Vyama vilivyoathirika vikaanza kutenga fedha za kuziba pengo hilo, na fedha hizo hutoka katika kile ambacho kingegawiwa.

Mikutano mikuu ya vyama hivi hufanyika miezi ya kwanza ya mwaka. Hapo mwenyekiti hutaja asilimia, makofi yakapigwa, soda zikanywewa, nauli ikatolewa. Safari hii asimame mwalimu mmoja, kabla ya makofi, aombe aonyeshwe katika taarifa ya hesabu ni ngapi zilizotokana na riba ya mikopo ambayo wanachama wamekwisha kuilipa, na ni ngapi zilizoandikwa tu kwamba zitalipwa.