Bi Kidude

Bi Kidude (jina halisi: Fatuma binti Baraka, alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, akafariki 17 Aprili 2013) alikuwa mwimbaji wa taarab, mpiga ngoma na kungwi kutoka kisiwa cha Unguja, Zanzibar, nchini Tanzania. Alipofariki, watu wengi waliamini kwamba amevuka miaka 100. Anakumbukwa kwa sauti yake nzito na kwa kuendelea kupanda jukwaani hadi uzeeni kabisa.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja. Baba yake alikuwa muuza nazi. Jina la utani "Kidude" lina maana ya kitu kidogo, na inasimuliwa kwamba alipewa kwa sababu alizaliwa mdogo sana.

Akiwa msichana alivutiwa na uimbaji wa Siti binti Saad (1880–1950), mzaliwa wa Fumba. Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Bi Kidude alijifunza kwa kusikiliza na kukariri, na nyimbo za Siti, kama vile "Muhogo wa Jang'ombe", alizidumisha maisha yake yote.

Safari za bara

Kwa masimulizi yake mwenyewe, alitoroka ndoa ya kulazimishwa akiwa bado binti mdogo, akavuka bahari kwenda bara. Alisema alitembea miguu peku sehemu nyingi za Tanganyika akiimba, kuanzia miji ya pwani hadi kwenye maziwa makuu. Katika miaka ya 1930 alifika Dar es Salaam, ambako aliimba taarab kwa miaka kadhaa.

Mji huo wa bandari uliwapokea wageni kutoka visiwani, pwani na bara, na wengi wao walikaa Kariakoo na mitaa ya jirani. Taarab ilipendwa sana huko. Mvuto wa muziki wa Misri ulionekana hata katika majina ya vikundi, kwa mfano Egyptian Musical Club ya Dar es Salaam. Katika miaka ya 1940 Bi Kidude alirudi Unguja.

Taarab na unyago

Taarab ya zamani katika kumbi za Zanzibar ilikuwa na adabu zake: wanamuziki waliketi, wakapiga udi, fidla na ganuni, na mwimbaji alitulia mahali pake. Bi Kidude aliweza kuimba hivyo, lakini alijulikana zaidi kwa ngoma. Katika unyago, yaani mafunzo ya wasichana wanaoingia utu uzima, alipiga ngoma ndefu ya msondo akiwa amesimama, huku ameifunga kiunoni.

Kungwi hufundisha kwa nyimbo, mafumbo na michezo. Mwari huelezwa juu ya mwili wake, usafi, ndoa na namna ya kujitunza. Mafunzo hayo hufanyika faraghani, mbali na wanaume. Bi Kidude alipoupeleka mdundo wa unyago jukwaani, mbele ya watu wa jinsia zote, baadhi ya watu walifurahi na wengine walinung'unika. Pia alivuta sigara hadharani, jambo lisilotarajiwa kwa bibi wa makamo yake. Mbali na muziki, alijipatia riziki kwa kutengeneza hina na dawa za mitishamba.

Umaarufu uzeeni

Alianza kujulikana sana nje ya Afrika Mashariki akiwa tayari mzee. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, yaliyofanyika mwaka huo nchini Uingereza. Maisha yake yalionyeshwa katika filamu *As Old as My Tongue* ya Andy Jones (2006). Aliimba pia na vijana wa kikundi cha Offside Trick wimbo "Ahmada". Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunukia nishani ya sanaa na michezo.

Suala la umri

Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani. Alipoulizwa, alijibu kwamba alizaliwa wakati wa rupia. Jibu hilo ni la kawaida kwa wazee wa kizazi chake, ambao walihesabu umri kwa matukio kama vita, njaa, mtawala au fedha iliyotumika. Hata hivyo, Zanzibar ilitumia rupia hadi mwisho wa mwaka 1935, ndipo shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Kwa hiyo rupia peke yake haitoi mwaka maalumu.

Kigezo cha pili ni Siti binti Saad. Ikiwa Bi Kidude alikuwa mtoto wa takriban miaka 10 alipomsikiliza Siti katika miaka ya 1920, basi alizaliwa kati ya 1910 na 1920. Hesabu hiyo ingempa umri wa miaka 93 hadi 103 alipofariki.

Umri mkubwa huthibitishwa kwa maandishi. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, anatambuliwa kwa sababu kuzaliwa kwake mwaka 1875 kuliandikwa katika daftari la mji wa Arles, na jina lake likaonekana katika sensa zilizofuata. Siti alipata mwandishi wa maisha yake, Shaaban Robert, katika kitabu *Wasifu wa Siti binti Saad*. Habari za ujana wa Bi Kidude zimetoka zaidi kinywani mwake. Kinachoweza kuthibitishwa bila cheti ni kwamba aliyabeba kichwani mwake, kwa miongo mingi, nyimbo na midundo ambayo haikuandikwa, akaifikisha kwa kizazi cha rekodi na filamu.

Kifo

Alifariki Bububu, Unguja, baada ya kuugua. Umati mkubwa ulihudhuria mazishi yake, akiwemo Rais Kikwete, na alizikwa Kitumba.