Linux Imekataa Wapi?

"Shikamoo mwalimu. Hii Linux imekataa."

"Marahaba. Imekataa wapi?"

"Imekataa tu."

Kijana wa chuo, mwaka wa pili, alisimama mlangoni na laptopu ya mtumba kwapani, flashi mkononi. Mashine haikuwa mbaya: prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, RAM ya GB 8, diski ya SSD aina ya NVMe. Kosa lake ni umri. Windows 11 imeziacha nje karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana wanaobisha hodi kwangu na habari za Linux wameongezeka, na wengi huja na jibu hilohilo: imekataa tu.

Hakuna kompyuta inayokataa tu. Usakinishaji una vituo vyake, na mchawi wa kituo kimoja si wa kingine.

Kituo cha kwanza ni flashi. Faili la ISO la Linux aina ya Ubuntu linakaribia GB 6, na kwa anayepakua kwa bando la simu, kukatikiwa njiani ni jambo la kila siku. Faili lenye hitilafu linaweza kuwaka vizuri kabisa, likafika nusu ya kazi likaganda, nawe ukailaumu diski. Tovuti rasmi huambatanisha na faili msururu wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe. Ikitofautiana herufi moja tu, pakua upya. Halafu faili hilo halinakiliwi kwenye flashi kama wimbo. Linaandikwa kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Nimeshapokea flashi nyingi ambazo ISO imejikalia humo kama barua ya kikao, na mwenyewe anashangaa kwa nini mashine haiwaki nayo.

Wapo pia wanaokimbilia kuzima Secure Boot kabla hata hawajaona kosa. Kinga hiyo, inayokagua saini mashine inapowaka, ilienea na kompyuta za Windows 8 mwaka 2012, na enzi hizo ilisumbua kweli. Leo Ubuntu, Fedora na Debian zina saini inayokubalika. Iache, uizime pale tu kioo kitakapoitaja.

Kioo kikiwa cheusi mara baada ya kuchagua Linux kwenye menyu, shuku kadi ya grafiki, hasa ya NVIDIA. Rudi kwenye menyu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, kisha F10. Picha haitapendeza, lakini utapita. Draiva sahihi utaiweka baadaye.

Kijana wangu alikuwa ameyapita yote hayo. Alifika pale programu inapouliza isakinishwe diski gani, na orodha ilikuwa na kitu kimoja: flashi yake mwenyewe. Fundi mmoja alishamwambia SSD imekufa, anunue nyingine. Lakini Windows ilikuwa ikiwaka kutoka SSD hiyohiyo! Maiti haipiki chai.

Nilimwambia afungue terminali, aandike sudo dmesg, tusome yale ambayo kerneli huyaandika mashine inapowaka. Katikati ya mamia ya mistari tukaukuta huu: "Found 1 remapped NVMe devices." Chini yake: "Switch your BIOS from RAID to AHCI mode to use them." Yaani ipo diski moja ya NVMe iliyofichwa nyuma ya mfumo wa Intel wa kuunganisha diski, ukiitaka, toka RAID uende AHCI. Linux ilikuwa imeuona ugonjwa, imeutaja, na dawa imeandika. Aliyekosekana ni msomaji.

Laptopu nyingi za maofisini hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID hata kama zina diski moja tu. Kubadili ni kuingia kwenye bayosi, kwa F2 au F10 kutegemea kampuni, na kutafuta ukurasa wa diski. Lakini hapa nenda taratibu. Ikiwa Windows bado unaihitaji, ukigeuza ghafla itagoma, maana imezoea draiva nyingine. Ipange kwanza iwake katika hali salama, geuza, iwashe mara moja, ndipo uirudishe kwenye hali ya kawaida. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, nakili ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote. Bila huo, picha za harusi na tasnifu yako, kwaheri.

Yeye Windows hakuihitaji. Tukageuza, Linux ikaingia, akaondoka anacheka.

Asubuhi yake huyo hapo mlangoni. "Mwalimu, imekataa tena. Na saa inasema tuko mwaka 2017."

Saa! Jana yake sikuiangalia, na ilikuwa juu kabisa ya kioo. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya duara ya volti 3, mara nyingi CR2032, iliyofungwa kwa plastiki na kuchomoza nyaya mbili. Hiyo hutunza saa na, kwenye mashine nyingi, mipangilio ya bayosi umeme unapokatika. Ya kwake ilikuwa imekwisha, na betri kubwa nayo ilikuwa hoi. Alipochomoa chaja usiku, mashine ilisahau kila kitu ikarudi ilivyotoka kiwandani: RAID. Ukinunua mtumba, iangalie saa kabla ya yote. Saa iliyorudi nyuma miaka inaweza kuifanya Linux ikatae hata kupakua programu, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti huonekana muda wake bado haujaanza.

Kituo cha mwisho ni pale kazi inapokamilika, unawasha, na Windows inakukaribisha kana kwamba hukufanya kitu. Kwanza tazama foleni ya kuwasha kwenye bayosi, uipandishe Linux juu. Isiposaidia, huenda flashi iliwaka kwa mtindo wa zamani ilhali Windows ni ya mtindo mpya, UEFI, na hizo mbili haziongei. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha hakikisha folda /sys/firmware/efi ipo. Haipo? Zima, kisha kwenye menyu ya kuwasha chagua flashi ile iliyotanguliwa na neno UEFI.

Na ubadilishe kitu kimoja, kisha uwashe. Ukizima Secure Boot, ukageuza RAID na kuandika flashi upya kwa mpigo, hata ikikubali hutajua kilichoiponya.

Betri ya kijana tuliibadilisha siku ileile, tukarudisha AHCI, na Linux iliyokuwamo ikawaka bila kusakinishwa tena. Wewe ukija, njoo na picha ya kioo pale kilipokwama, hata ya simu yenye ufa. "Imekataa tu" siipokei tena.