Gitaa moja redioni, magitaa manne jukwaani

Mzazi mmoja wa Ilagala alitupigia simu wakati wa kipindi cha muziki wa zamani akatupa swali ambalo hatukuweza kulimaliza hewani. Kijana wake ana gitaa kavu, lile ambalo wazee waliliita galatoni. Kila jioni anaweka simu pembeni, anafungulia nyimbo za dansi na kujaribu kuzifuata. Huu ni mwaka wa pili. Anachokipiga hakifanani na anachokisikia, na wiki hiyo alikuwa ametangaza nyumbani kwamba ataliuza gitaa anunue nyavu. "Sasa niambieni, mtoto hana kipaji?" mzee akauliza, kisha salio likaisha.

Kipaji hatuwezi kukipima kwa simu. Ila kuna jambo moja tunalolijua, nalo huenda likaokoa gitaa hilo: anachokisikia kijana si gitaa moja. Mara nyingi ni magitaa matatu au manne, kila moja na mpigaji wake, na yeye anataka kuyapiga yote kwa mikono miwili.

Sisi wenyewe tulilielewa hili vizuri usiku mmoja mjini Kigoma, katika ukumbi mdogo, bendi ya dansi ikiwa katikati ya wimbo. Umeme ukakatika. Magitaa yote yakanyamaza kwa mara moja. Zikabaki tumba na drams, na watu wakashika mapigo kwa makofi ili wimbo usife. Jenereta lilipowaka, fundi mitambo hakutaka kulizidishia mzigo, akawa anaviwasha vyombo kimoja kimoja. Kwa bahati hiyo tukausikia wimbo ukijengwa upya mbele yetu kama nyumba inayoanzia kwenye msingi.

Kwanza likarudi besi, ambalo wanamuziki wetu huliita gitaa zito. Lina nyuzi nne nene na halisemi mengi. Linasema mahali wimbo ulipo na mahali unapokwenda, na tumba zikalifuata mara moja.

Likafuata gitaa la ridhimu. Mpigaji wake alikuwa mtu mzima mwenye kofia, amesimama nyuma karibu na drams, na tangu onyesho lianze hakuna aliyekuwa na habari naye. Alikuwa akigusa nyuzi tatu nne kwa pamoja, mfululizo uleule, bila kuongeza wala kupunguza. Ukimsikiliza peke yake kwa dakika mbili utasema huyu hajui kingine. Lakini tazama miguu ya wanaocheza: inamfuata yeye. Akichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unajikwaa. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote jukwaani, na ndiyo inayolipwa sifa kidogo kuliko zote.

La tatu likawa gitaa la solo ya pili, ambalo ng'ambo ya ziwa, Kongo, huitwa mi-solo. Hili linakaa katikati: lina maneno mafupi yanayojirudia, linajaza pale ridhimu inapoacha nafasi. Lilipoingia, watu walianza kupiga vigelegele wakidhani bwana mkubwa amerudi.

Bwana mkubwa alikuwa bado. Yule mpiga solo, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye tangazo, alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi zake akiwatazama wenzake. Aliacha wazunguke mara kadhaa. Ndipo akaingia juu kabisa, kwa sauti nne tano nyembamba, akanyamaza tena, akarudi. Tulishangaa ni kiasi gani cha muda alikuwa hapigi kitu.

Wanaotwanga muhogo watatuelewa haraka. Kinu kimoja, watu wawili, michi miwili: mmoja akishusha, mwenzake anapandisha, na aliye nje ya ua anasikia mdundo mmoja wa haraka asioweza kuutoa mtu mmoja. Magitaa ya dansi yanatwanga hivyo hivyo. Kijana wa Ilagala yuko nje ya ua. Anasikia mdundo, haioni michi.

Simu nayo inazidi kumficha. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito, kwa hiyo gitaa zito karibu linapotea kabisa, na matatu yanayobaki yanatoka kwenye tundu moja yakiwa yameshikana. Kuna dawa ndogo: avae visikilizio vya masikioni. Katika rekodi nyingi zilizotengenezwa kwa spika mbili, gitaa moja limeelekezwa sikio la kushoto na jingine la kulia. Akitoa kisikilizio kimoja, atashangaa kukuta gitaa moja limepungua au limeondoka. Kwa rekodi za zamani zaidi njia hii haifai, maana sauti zote zilitiwa pamoja.

Na rekodi hizo za zamani zina jambo lake. Santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili. Mara nyingi maneno yalikaa upande wa kwanza, na pale magitaa yanapofunguka, sehemu ambayo Wakongo huiita sebene na bendi zetu zikaiita chemko, pakaangukia upande wa pili. Mtangazaji aliyebanwa na muda hakuigeuza santuri. Sisi watu wa redio tunakiri hilo. Wasikilizaji wengi walikua wakijua nusu ya wimbo, na nusu yenyewe ndiyo ile ambayo wapiga gitaa walipumzika. Ukumbini hakukuwa na upande wa pili. Chemko liliendelea mpaka wachezaji wachoke.

Ndiyo maana watu walimfuata Mbaraka Mwinshehe kila alikokwenda. Aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe, kwanza na Morogoro Jazz, bendi iliyopelekwa Japan mwaka 1970 kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, kisha kuanzia 1973 na bendi yake, Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Waliobahatika kumwona wanazungumzia vidole vyake, lakini vidole hivyo vilikuwa na watu nyuma yake.

Je, hakuna mtu aliyepiga yote peke yake? Yupo, na hakutoka mbali. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, ule mji wa Msiri, mtawala ambaye asili yake ilikuwa upande huu wetu, kwa Wasumbwa. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha huko. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta akipiga gitaa kavu katika mji ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukasambaa dunia nzima. Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1990, naye kwa ajali ya gari.

Siri yake ilikuwa vidole viwili. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene za juu, kikifanya kazi ya besi. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba, kikifanya kazi ya solo. Vidole hivyo havikupiga kwa pamoja kila mara, bali vilipishana, kama michi yetu. Wataalamu wa muziki walikaa na rekodi zake wakiziandika alama kwa alama ili waelewe mkono mmoja unawezaje. Kwa kijana mwenye galatoni na asiye na bendi, huyu ndiye mwalimu. Kumwiga mpiga solo wa bendi akiwa peke yake ni kuokota sentensi moja katika mazungumzo ya watu wanne.

Kuna nchi nyingine ambako mpiga gitaa hujaza ukumbi: Hispania, hasa kusini, Andalusia, kwenye muziki uitwao flamenko. Tunaitaja kwa sababu wengi huuona kwenye simu na kudhani ni mtu mmoja kwenye kiti. Fundi wao mkubwa wa nyakati zetu, Paco de Lucía, aliyezaliwa Algeciras mwaka 1947 na kufariki 2014, alizunguka dunia na kundi la watu sita. Kaka yake Ramón alikuwa mpiga gitaa mwenzake, kaka mwingine, Pepe, mwimbaji. Mpiga ngoma wao alikalia sanduku la mbao na kulipiga kwa viganja, chombo ambacho Paco alikichukua Peru. Gitaa lao ni kavu, nyuzi za nailoni, na badala ya kipande cha plastiki wanatumia kucha, wanazozitunza kama fundi anavyotunza patasi. Vidole vinafunguka kimoja baada ya kingine juu ya nyuzi, haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kuhesabu.

Lakini chini ya yote hayo kuna makofi. Jaribu: hesabu moja hadi 12 polepole ukipiga kofi kila namba, na ukazie 3, 6, 8, 10 na 12. Rudia bila kusimama. Utaona mkazo mwanzoni unakuja kila baada ya mapigo matatu, kisha unabadilika kuwa mawili. Huo ni mmoja wa mizunguko mikuu ya flamenko, na kila aliye jukwaani, mchezaji, mwimbaji na wapiga makofi, ameubeba kichwani. Fundi akipotea humo, makofi ndiyo yatakayomrudisha. Mara nyingi yeye hamtangulii mchezaji. Anamtazama miguu na kumfuata.

Flamenko iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010. Rumba ya Kongo, mama wa nyingi ya nyimbo tunazozizungumzia hapa, iliingizwa mwaka 2021.

Sasa turudi Ilagala. Mzee, kijana asiuze gitaa kwanza. Achague wimbo mmoja tu, asikilize ridhimu peke yake, aupige huo mfululizo mmoja mpaka mkono uende wenyewe huku akizungumza na watu. Wiki mbili si nyingi. Kisha amtafute mwenzake. Kwaya nyingi za mkoa huu zina magitaa na zina vijana wanaojua kugawana kazi hii. Huko atamkuta mtu wa kutwanga naye kinu kimoja. Kama mwenzake hapatikani, ashike njia ya Bosco: kidole gumba kwanza, siku nyingi, kidole cha shahada baadaye.

Na bendi ikija mjini, mpe nauli na kiingilio. Afike mapema, wakati wanafunga mitambo, maana hapo kila gitaa linajaribiwa peke yake na mtu anaweza kulisikia lilivyo. Onyesho likianza asiende kusimama mbele ya mpiga solo ambako kila mtu atakuwa amejazana na simu juu. Azunguke pembeni, karibu na drams, amtafute yule asiyetazamwa na mtu, akae naye nyimbo tatu nzima akiangalia mkono wake wa kulia. Solo ataisikia tu, hata akiwa amempa mgongo.