Kupatana Bei ya Motokaa na Mwenyewe

Katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, yaani Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, si ajabu kuiona motokaa imeegeshwa kando ya njia, nayo imebandikwa karatasi kwenye kioo cha nyuma yenye nambari ya simu na maneno machache: "Inauzwa na mwenyewe." Hilo neno la mwisho limeandikwa kwa makusudi. Humwambia mpita njia kwamba hapana dalali hapa, wala hapana yadi ya biashara, na kwa hiyo bei ni nafuu. Karani arudiye Kawangware baada ya kazi za mjini, ambaye amejinyima miaka minne au mitano ili kuweka akiba katika chama cha akiba na mikopo, husimama akasoma. Mkulima wa Kikuyu au Limuru husimama pia, kwa sababu pikapu nzima yaweza kumwondolea gharama ya kukodi gari la watu kila apelekapo mboga sokoni.

Ni kweli kwamba bei ya mwenyewe aghalabu huwa chini ya bei ya wafanya biashara wenye yadi zao katika Barabara ya Ngong. Mwenye yadi hana budi kulipa kodi ya kiwanja, mishahara ya walinzi na riba ya fedha alizotumia kuagiza motokaa zake kutoka Japani. Gharama hizo zote mwisho wake humwangukia mnunuzi. Lakini unafuu ule una sababu ya pili, ambayo wengi hawaifikiri mpaka wamekwisha kuumia. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, humlinda zaidi mtu anunuaye kwa mfanya biashara kuliko yule anunuaye kwa mtu binafsi. Mfanya biashara auzaye vitu vya namna ile huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba kitu chake ni cha kufaa, hata kama hakulitamka neno hilo, isipokuwa kwa kasoro ambazo mnunuzi mwenyewe angaliziona alipokikagua. Mtu binafsi hafungwi na ahadi hiyo. Ahadi kubwa imshikayo ni kwamba kitu akiuzacho ni mali yake na ana haki ya kukiuza. Injini ikifa siku ya tatu, na mwenyewe hakusema uongo wo wote, mnunuzi atabaki na chuma chake.

Mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya jambo hili makala iliyotolewa mwaka 1970, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Mfano alioutumia ni huu huu wa motokaa zilizokwisha tumika. Alisema kwamba muuzaji anajua ubaya na uzuri wa motokaa yake, lakini mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wasiwasi, iliyo ndogo kuliko thamani ya motokaa nzuri. Mwenye motokaa nzuri akiona hivyo hukataa kuuza, na mwenye mbovu hufurahi kuipokea bei hiyo. Hivyo sokoni huzidi kubaki zile mbovu. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini mbele ya kioo kile cha Kileleshwa nzuri na mbovu zimebandikwa karatasi moja, na mpita njia hawezi kuzitenga.

Kwa hiyo kupatana bei na mwenyewe si ufundi wa ulimi tu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutafuta kujua yale ambayo muuzaji anayajua, na hayo hayapatikani kwa kubishana. Hupatikana katika hati, katika injini, na katika sababu yake ya kuuza.

Tuanze na hati, maana zikiwa na kasoro hapana haja ya kupoteza nauli. Mnunuzi aombe nambari ya motokaa, kisha atafute habari zake katika daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ijulikanayo kama NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa ada ndogo ataonyeshwa jina la mwenye motokaa, nambari ya chasisi, nambari ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Jina liwe lile lile lililo katika kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yake. Likiwapo na jina la benki au la mkopeshaji kando ya jina la mwenyewe, hiyo ni dalili kwamba motokaa imewekwa rehani, na mwenye deni hawezi kuiuza peke yake. Kuanzia mwaka 2017 kuna pia daftari la serikali la rehani za mali zihamishikazo, nalo lafaa kutazamwa, kwa kuwa si kila deni huonekana katika kitabu cha motokaa.

Iko hali moja ambayo huwanasa watu wema. Muuzaji ni mjane au kijana, na jina lililo katika kitabu ni la marehemu. Huruma humfanya mnunuzi asiulize zaidi. Lakini kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu haiuzwi na mtu ye yote kabla mahakama haijatoa hati ya kuisimamia, hata kama auzaye ni mtoto wa kuzaliwa. Kadhalika motokaa za mabalozi na za wageni wengine waliosamehewa ushuru, ambao wengi wao hukaa mitaa hii ya magharibi: zikiuzwa kwa raia wa kawaida, ushuru ule uliosamehewa hudaiwa. Bei yaonekana ndogo, kumbe nusu yake ingali inangoja katika ofisi ya forodha.

Jambo jingine ni herufi za nambari. Watu wa Nairobi huzipenda herufi mpya kama wanavyopenda nguo mpya, na wauzaji wanalijua hilo. Nambari zianzazo na KBA zilianza kutolewa mwaka 2007, za KCA mwaka 2014, na za KDA mwaka 2020. Lakini herufi hizo huonyesha motokaa ilisajiliwa lini Kenya. Haziseme ilitengenezwa lini. Kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa motokaa isiyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwake kwa mara ya kwanza huko itokako, nazo nyingi hutoka Japani, ambako huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na ambako ukaguzi wa lazima na gharama zake huwafanya watu waachane na motokaa zao mapema. Basi motokaa iliyopewa nambari ya KDA mwaka 2021 huenda ilianza kutembea Japani mwaka 2014. Mnunuzi alipe umri wa chuma, asilipe umri wa kibao.

Hati zikiwa safi, ndipo aende kuiona. Aende asubuhi, na kabla ya salamu kwisha aguse boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, mwenyewe amekwisha kuiwasha, na huenda alikuwa na sababu, maana injini iliyochoka huona shida ya kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huonyesha kwamba maji yanaingia mahali pasipo pake, na kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa, shaka imekwisha. Hapo mnunuzi ashukuru kwa adabu aende zake. Nambari ya chasisi isomwe kwa macho kwenye chuma na kulinganishwa na ya kitabu. Kipimo cha maili hakiaminiki peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Afadhali kutazama mpira wa kanyagio la breki na usukani: motokaa inayodai kutembea kilomita 60,000 haiwezi kuwa na kanyagio lililolika hadi chuma.

Kisha iendeshwe, wala si kuzunguka kiwanja tu. Kwa mtu aliye upande wa Kilimani, njia nzuri ni kwenda Dagoretti Corner, kushika Barabara ya Naivasha kupitia Kawangware hadi Uthiru, na kurudi kwa Waiyaki Way. Msongamano wa Kawangware utaonyesha kama injini hupata moto ikisimamasimama. Mwinuko wa kuelekea Uthiru utazisema gia na klachi. Na mteremko wa kurudi Westlands utazipima breki. Mnunuzi asiye fundi aandamane na fundi wake, asiyejuana na muuzaji, au ailipe AA ya Kenya, ambayo hukagua motokaa na kukadiria thamani yake. Malipo hayo huwauma watu, nao huyaona kama fedha zilizotupwa ikiwa motokaa haikununuliwa. Ukweli ni kwamba ukaguzi ulioizuia motokaa mbovu isinunuliwe ndio ukaguzi uliolipa faida kubwa kuliko yote.

Sasa bei. Tuseme motokaa inatakiwa Shs. 950,000/-. Fundi amekuta mipira miwili imekwisha na breki za mbele zimelika, na maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road yametaja gharama ya jumla, pamoja na kazi, Shs. 70,000/-. Mnunuzi asiyejua huanza kwa kusema, "Nitakupa laki sita." Kwa dalali maneno hayo ni mchezo wa kila siku, lakini mtu binafsi hukasirika, kwa sababu motokaa ile ilimpeleka mkewe hospitali na watoto shuleni, na kuidharau ni kama kumdharau yeye. Mnunuzi mwenye busara huzungumza kwa namna nyingine:

"Mzee, motokaa umeitunza, fundi amelisema hilo mbele yako. Lakini mipira miwili haina meno tena, na breki za mbele zimekwisha. Nimeuliza bei mjini leo asubuhi. Pamoja na kazi ni elfu sabini."

"Kijana, hata ukienda kwingine utabadilisha mipira."

"Ni kweli, mzee. Wala siombi unipunguzie kwa mikwaruzo ya rangi, hiyo ni umri. Naomba hizo elfu sabini, na kidogo cha kunifikisha nyumbani."

"Kidogo ni ngapi?"

"Tufanye laki nane na nusu."

"La. Laki tisa. Betri ni mpya, na stakabadhi yake imo ndani."

Hapo mnunuzi hunyamaza kidogo, akaitazama stakabadhi, akakubali kwamba betri ni mpya kweli. Wawili hawa hawako mbali tena. Watafunga kwa Shs. 870,000/- au karibu na hapo, na hapana aliyemwibia mwenziwe.

Mtu aliyeweka stakabadhi zote za matengenezo, na aliyemruhusu fundi wa mnunuzi kufungua kila kifuniko, amekwisha kutoa kile ambacho Akerlof alisema hukosekana sokoni. Huyo anastahili kulipwa zaidi kuliko jirani yake aliyeficha, na mnunuzi amkandamizaye hadi shilingi ya mwisho huenda akamfukuza, akaachwa na yule mwingine. Yafaa pia kuuliza kwa nini anauza. Mwenye haraka ya karo ya Januari atashuka bei, na si vibaya kupokea punguzo hilo. Lakini mwenye haraka asiyeweza kueleza sababu yake, anayetaka arubuni jioni ile ile kwa kuwa "kuna mtu mwingine anakuja kesho," aachiwe huyo mtu wa kesho.

Fedha zisibebwe mfukoni wala mkobani. Pande zote mbili zikutane mchana ndani ya benki, na malipo yafanywe kwa hundi ya benki au kwa kuhamisha fedha kutoka hesabu moja hadi nyingine. Mapatano yaandikwe, yakitaja nambari ya motokaa, ya chasisi na ya injini, bei, na majina ya mashahidi, kisha yatiwe sahihi. Kazi ya kuhamisha jina huanzishwa na muuzaji mwenyewe katika mtambo wa serikali, naye mnunuzi huikubali kwa jina lake. Ada yake hutegemea ukubwa wa injini. Mambo hayo mawili, fedha na jina, yafanywe katika kikao kimoja. Bima ya mwenyewe wa kwanza haifuati motokaa, hivyo mnunuzi awe na yake kabla ya kutia gari barabarani hata kwa safari ya kufika nyumbani tu.

Muuzaji naye ana la kuangalia. Sheria ya Barabara, Sura ya 403, humhesabu mtu ambaye jina lake limo kitabuni kuwa ndiye mwenye motokaa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na motokaa iliyouzwa hairuhusiwi kutumika zaidi ya siku 14 kabla jina halijabadilishwa. Motokaa ikimgonga mtu usiku ule ule wa kuuzwa, barua ya wakili itafika Kileleshwa. Kwa sababu hiyo wenye kujua huandika katika mapatano, chini ya tarehe, saa na dakika ambayo funguo zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine.