Uzito wa Bunduki kwa Mtu Aendaye kwa Miguu

Watu wengi waulizwapo bunduki njema ni ipi, hutaja ukubwa wa risasi yake au umbali ifikapo. Ni wachache watajao uzito. Lakini katika nchi ya Turkana, ambako mtu huweza kwenda mwendo wa saa nyingi bila kukuta kivuli, uzito ndio uamuao mambo mengi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo ilivyo bunduki: ikiwa begani mwa mtu mwingine huonekana nyepesi siku zote.

Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo wachukuao bunduki kwa halali kati ya Lodwar na Kakuma leo si wawindaji, bali ni askari, pamoja na polisi wa akiba walindao mifugo na vijiji. Mwindaji mwenye kibali huko Tanzania aweza kuchagua bunduki aipendayo dukani. Polisi wa akiba hachagui. Huchukua ile apewayo na Serikali. Hata hivyo hesabu ya uzito ni moja kwa wote wawili, na yule asiyeweza kuchagua bunduki aweza kuchagua vitu vingine atakavyobeba pamoja nayo.

CHUMA NA MAJI

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi kwa barabara. Joto la mchana hufikia nyuzi 35 mara nyingi, na mvua inyeshayo Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Mto Tarach upitao Kakuma huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwenye kiu hana budi kufukua. Katika joto la namna hiyo, mtu afanyaye kazi ya nguvu aweza kutoa jasho la lita 1 kwa saa. Na lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1.

Sasa na zitazamwe bunduki zenyewe. Ile ya zamani ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield namba 4, iliyobebwa na polisi wa akiba kwa miaka mingi, ina uzito wa kilo 4 na kidogo kabla ya kutiwa risasi. G3 ya Kijerumani ina kilo 4 na nusu karibu. Ikitiwa magazini yenye risasi 20 hufikia kilo 5. AKM ya Kirusi ina kilo 3 na kidogo, na ikiwa na risasi zake 30 hukaribia kilo 4. Basi kati ya G3 na AKM, zote zikiwa tayari, tofauti ni kilo 1 hivi.

Mtu akaaye mezani ataona kwamba kilo 1 si kitu. Lakini kilo hiyo ni lita 1 ya maji, nayo ni jasho la saa moja. Abebaye bunduki nzito, kisha akaacha chupa moja ya maji nyumbani ili kupunguza mzigo, ameuza saa moja ya uhai wake kwa chuma.

FUNDISHO LA KARAMOJA

Magharibi ya Turkana, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, ni nchi ya Karamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwinda huko Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, ambaye watu walimpa jina la nchi hiyo. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, jambo ambalo leo si la kusifiwa. Lakini namna alivyochagua bunduki yastahili kuangaliwa.

Siku zile wawindaji wengi wa ndovu walitumia bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa kilo 5 hadi 7. Mwenyewe hakuweza kuichukua kutwa, akampa mchukuzi. Na mnyama alipotokea ghafula kichakani, pengine bunduki ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Bell alipenda bunduki nyepesi ya risasi nyembamba ya milimita 7, ambayo aliichukua mwenyewe. Alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue hasa ubongo ulipo, akategemea ujuzi wa shabaha badala ya ukubwa wa risasi.

Isidhaniwe kwamba kila mtu aweza kumwiga. Risasi ndogo mkononi mwa asiye hodari humjeruhi mnyama mkubwa bila kumwua, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kwa wote. Fundisho ni moja tu: bunduki yenye faida ni ile ambayo mwenyewe anayo mkononi wakati wa haja.

BUNDUKI NYEPESI NAYO INA ILA

Risasi itokapo, bunduki hurudi nyuma na kupiga bega. Kwa risasi ya aina moja, kadiri bunduki ilivyo nyepesi ndivyo pigo lilivyo kali. Kama uzito ukipunguzwa kutoka kilo 4 hadi kilo 3, nguvu ya pigo huongezeka kwa theluthi moja. Mtu apigwaye vibaya begani huanza kuogopa bunduki yake. Hufumba macho kabla ya kufyatua, na shabaha hupotea. Tena mtutu mwepesi hucheza mikononi mwa mtu anayehema, na ule mzito kiasi hutulia. Kwa sababu hiyo wawindaji wengi waendao kwa miguu huridhika na uzito wa kati ya kilo 3 na kilo 4, na zaidi ya hapo kwa risasi kubwa tu.

JINSI YA KUPIMA

Bunduki isipimwe kwa kuinuliwa mara moja dukani. Na ipimwe kwa mizani ikiwa kamili, yaani pamoja na mkanda wake na magazini iliyojaa. Asiye nayo bado aweza kujifunza kwa dumu: litiwe lita 4 za maji, lichukuliwe kwa mkono mmoja mwendo wa saa moja. Mama wa Kakuma huchukua kichwani lita 20 kutoka bombani, kwa sababu mzigo wake umekaa sawasawa juu ya uti wa mgongo. Bunduki huning'inia upande mmoja, na ndiyo maana huchosha kuliko uzito wake. Mkanda mpana husaidia sana, kwa kuwa hutawanya uzito begani. Ule mwembamba hukata nyama. Yafaa pia kubadili bega mara kwa mara.

Mtu aliyechoka huchukua silaha ovyo, mdomo wa mtutu ukielekea miguu ya mwenzake. Ajali nyingi huanzia hapo, wala adui hakuonekana. Basi kabla ya kuondoka, mzigo wote na uwekwe chini na kuhesabiwa: bunduki, risasi, chakula na maji. Ukizidi nguvu za mwenye kuubeba, kipunguzwe kila kiwezacho kupunguzwa, lakini maji yawe ya mwisho.